Kitovu

Levina aliuliza swali moja tu: masomo ya nyota yamekwisha, sasa binti yake anarudi lini kijijini Sanje?

Binti alichukua ungo wa mchele mapajani mwa mama yake, akautikisa taratibu mpaka punje zikatawanyika, katikati nyingi, ukingoni za kuhesabu.

"Galaksi yetu iko hivi, mama. Nyota haikai ilipozaliwa. Inapishana na mawingu mazito ya gesi, yanaivuta, yanaisukuma, mwisho nyingi zinaangukia kitovuni, chache zinajikuta mbali. Ndiyo maana kitovuni zimejaa na pembezoni ni chache. Hakuna aliyezipanga. Wala nyota yenyewe haina kosa."

Levina alisikia neno moja tu, kitovu. Cha huyu mtoto alikifukia kwa mikono yake nyuma ya jiko, akapanda mgomba juu yake. Miaka yote ya masomo, kila mkungu ulipokomaa alimpigia simu: mgomba wako umezaa.

"Kwa hiyo hurudi."

"Nimepata kazi huko huko nilikosoma, mama. Ya kudumu."

Levina alimpokonya ungo, akauweka chini. Kuku wakausogelea, asiwafukuze. Aliingia jikoni, akatoka na jembe ambalo mpini wake ulikuwa umelainika kwa viganja vyake, akampa.

"Kachimbue kitovu chako, uende nacho."

Binti alizunguka nyuma ya jiko. Alisimama mbele ya migomba mitano, jembe mkononi, akaitazama mmoja mmoja.

"Mama," aliita hatimaye, "wangu ni upi?"