Picha ya Wafua Merikani

Lori la kuwapeleka wakimbizi kambini lilikuwa tayari linanguruma nje. Zuhra alishika mkasi juu ya picha ya zamani. Ndani yake, wanawake wawili ufukweni Ujiji walikuwa wakikamua kitambaa cha merikani walichokifua na kukianika tena na tena ili kiwe cheupe. Mmoja alikuwa mama yake, mwingine mama wa mgeni wake kutoka Burundi.

"Kata, dada," mgeni alisema. "Kila mtu abaki na mama yake."

Zuhra alitazama kitambaa kilichosokotwa kama kamba, kila mama akivuta upande wake.

"Nikikata, merikani itawaponyoka ianguke mchangani."

Akaweka mkasi chini, akamfungia picha nzima ndani ya kanga.

"Na wewe je?"

"Kaburi la mama yangu liko hapa hapa. Haya, panda."