Shahidi wa Pili

Baraza la mji lilikwisha kuruhusu maiti kuyeyushwa kwa maji ya moto yenye dawa badala ya kuchomwa moto, lakini hakuna aliyethubutu kutangulia. Sekela, aliyeogopa moto na kaburi vilevile, kabla ya kufa alimwomba mumewe Kihwelo amtangulize yeye.

Sheria ilitaka mashahidi wawili wa familia. Ndugu walisema hawaendi kumtazama mtu wao akipikwa, kwa hiyo Kihwelo alikaa peke yake kwenye benchi nje ya chumba cha kuyeyushia tangu asubuhi. Asipopatikana shahidi wa pili, ukoo ungeuchukua mwili ukauzike.

Mchana akatokea Lugano, kaka wa marehemu.

"Nimekuja kwa ajili yake, shemeji," alisema. "Si kwa ajili yako."

"Nashukuru."

"Usinishukuru."

Ndani, mhudumu alifunga mlango wa tangi la chuma, akawageukia. "Mnaridhia?"

"Naridhia," alisema Kihwelo.

Lugano aligeukia ukuta. "Naridhia," alisema, akatoka bila kuaga.

Maji yakaanza kuingia. Kihwelo alitamani kumwambia mtu kwamba Sekela alipenda kuoga maji ya moto sana, hata kioo cha bafuni kikafunikwa na mvuke. Lakini mhudumu alikuwa chumba cha pili na mitambo yake, na viti vya wafiwa vilikuwa vitupu.

Akaweka kiganja juu ya tangi. Lilikuwa la baridi bado. Hakukiondoa, na taratibu chuma kikaanza kupata joto.