Kiti cha Kumi na Saba

Kila mwezi wa mizimu, wafu wanapoaminika kurudi duniani, hekalu letu huandaa mchezo wa kuigiza, na safu ya mbele huachwa wazi ili wafu nao watazame. Mwaka huu waigizaji walicheza kisa cha kuporomoka kwa mgodi wetu, na mbele ya jukwaa viliwekwa viti kumi na sita.

Mwigizaji aliita majina ya waliokufa, kama yalivyotangazwa na kampuni. Baada ya kila jina alitazama kiti kimoja, kana kwamba angejibiwa.

Mimi nilikuwa bawabu wa mgodi. Asubuhi ya ajali niliwahesabu wachimbaji wakiingia: kumi na saba. Mmoja alikuwa kibarua asiyeandikishwa, Bun-hiong. Kampuni ilisema ametoroka, nami nikanyamaza nisije nikafukuzwa. Mama yake, aliyekaa mbele yangu, bado anamsubiri.

Jina la kumi na sita likaitwa. Nikasimama, nikabeba kiti changu cha plastiki kuelekea mbele.

"We mzee, huko ni kwa wafu," mke wangu akaninong'oneza. "Rudi hapa, usituaibishe."

Nikakiweka mwisho wa safu. Miguu ya kiti ilikwaruza saruji ya uwanja wa hekalu.

"Baba, hicho cha nani?" mwigizaji akauliza.

Nikageuka nimtazame mama yake Bun-hiong. Alikuwa ameshasimama.