Muhanga na Mlango wa Ngiri

Zama wanyama walipokuwa wakichimbiwa nyumba, fundi alikuwa Muhanga, na hakugusa udongo kabla hajamtazama mteja anavyolala na anavyoingia ndani. Basi Ngiri alipoagiza nyumba, Muhanga alimpima makalio, maana Ngiri huingia shimoni kinyumenyume ili meno yake yaelekee nje.

Ngiri akafoka, "Huna adabu! Mimi ni mheshimiwa. Nataka mlango mpana kama wa Fisi, wageni wauone toka mbali."

"Mheshimiwa, mlango ukimtosha Fisi, Fisi ataingia."

"Wewe chimba! Nani kakuomba ushauri?"

Muhanga alipandwa na hasira hadi masikio yakamcheza. Akauchimba mlango mpana, kumkomoa tu, akaondoka bila kuaga.

Siku ya tatu Ngiri alimjia, mkia umekatika.

"Watoto je?" Muhanga akauliza.

"Walikuwa wanne. Fisi aliingia kama kwake. Amebaki mmoja."

Muhanga alifungua mdomo amtukane, lakini tusi likamrudi mwenyewe: alijua, na bado alichimba.

Ngiri aligeuka polepole, akamwelekezea makalio.

"Pima, fundi."