Theluji ya Buluu

Mkusanyaji wa picha alipofunua picha moja ya zamani mezani, Thaddeus aliitambua kwa theluji ya buluu.

Alikuwa amechora mandhari elfu nne za jimbo la Vermont, Marekani, lakini hii haikuwa yake. Aliichora mkewe, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Thaddeus aliitia tu sahihi yake ili inunulike.

"Mzee, hii inazishinda zote," mkusanyaji alisema. "Naipeleka makumbusho."

"Si yangu. Kaichora mke wangu huyu hapa."

"Acha utani, mzee!"

Thaddeus akamgeukia mkewe, aliyekuwa na maradhi ya kusahau mwaka wa tatu sasa. "Mpenzi, mwambie."

Mkewe aliigusa theluji kwa kidole kilichopindishwa na baridi yabisi, akatabasamu kwa fahari.

"Nzuri jamani, mume wangu. Umeichora lini?"