Taa ya Sebuleni

Kila sebule ilikuwa na taa ya ukweli, na mtu akisema uongo iliwaka nyekundu. Ndiyo maana Mbwana hakutaka hata kuusikia mchezo wa mkewe, Salha, ambamo watu huketi mezani, hurusha dadu na kujifanya watu wengine.

"Mtu mzima mimi, nijiaibishe mbele ya wageni?"

Salha alimbembeleza mpaka akakubali.

"Usiogope, shemeji," alisema Shekue, rafiki wa Salha aliyeuongoza mchezo. "Hapa taa ikiwaka tunashangilia."

Mbwana akapewa uaskari. "Nimeua joka," akasema kwa haya. Taa ikawaka, meza nzima ikapiga makofi, naye akatabasamu kama mtoto.

"Haya, askari," Shekue akauliza, "nyumbani anakungoja nani?"

"Hakuna anayeningoja."

Taa haikuwaka.

Wageni wakainamia dadu zao. Salha, ambaye mchezoni alikuwa mama mwenye mgahawa, alihisi uso ukimuwaka kwa aibu. Akajikaza, akasema haraka, "Basi rudi salama, askari. Nitakungoja mimi."

Taa ikawaka nyekundu mpaka kwenye mapazia. Hakuna aliyeshangilia ila Mbwana, aliyepiga makofi peke yake, taratibu, kama alivyofundishwa.