Kidole cha Zefania

Tangu aokoke, Zefania muuza nyama alikifunga kidole gumba kwa kitambaa. Moyo ulikuwa umeongoka, lakini kidole kilikuwa bado na mazoea ya kukandamiza sahani ya mizani.

Mama Eliakunda, mteja wake wa miaka yote, akaagiza kilo moja. Zefania akaweka nyama kwenye mizani, kisha akainua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa.

Mama akaitazama ile nyama kwa mashaka, akainama akainusa.

"Mbona nyingi hivi? Huyu ng'ombe alikuwa anaumwa?"

"Mzima kabisa, mama. Hiyo ndiyo kilo."

"Kilo yako naijua mimi!"

"Nimeokoka, mama."

"Bwana asifiwe. Sasa nipimie kama zamani, nikale bila wasiwasi."

Foleni nzima ikaguna kumuunga mkono. Zefania hakushusha mikono. Mama akachoka kusubiri, akanyoosha kidole gumba chake mwenyewe, akakibonyeza pembeni ya sahani.

"Hapa," alisema. "Kilikuwa kinakaa hapa."

Zefania akaushika mkono ule taratibu, akauinua juu pamoja na wake. Wakasimama hivyo mbele ya watu, mshale wa mizani ukiyumba, ukitafuta pa kutulia.